KHAN SI JINA LA JAMAA: Vyeo vya wakubwa kwa Wamongoli na watu wa mbuga



Kitabu cha historia kinataja Gengis Khan, kisha Batu Khan, kisha Kublai Khan. Wanafunzi wengi wakiona vile wanafikiri Khan ni jina la jamaa, jina ambalo baba anaachia watoto wake. Hapana, si vile. Khan ni cheo, sawa na mufalme ao sultani. Mutu mwenyewe aliitwa Temujin. Hata «Gengis» ni jina la heshima alilopewa wakati wa kutawazwa. Mama yake hakumuita hivyo.

Katika namba hii tunataka kueleza vyeo vya Wamongoli na vya watu wengine wa mbuga kubwa ya Asia: vilitoka wapi, nani aliweza kuvipata, tena vilikuwa na nguvu gani. Tutaona swali moja linarudi kila mara: mutu anakuwa mukubwa juu ya damu ya baba yake, ao juu ya kazi anayofanya? Watu wengi walikufa juu ya swali hilo.

1. MBUGA NA WATU WAKE

Katika jeografia tumejifunza neno «steppe». Ni mbuga ya majani, karibu hakuna miti, inayoanzia pande za Hungaria na kufika mbali kabisa kaskazini ya Uchina. Baridi yake ni kali sana. Watu wake walikuwa wachungaji. Walikuwa na farasi, kondoo, mbuzi, ngombe na ngamia, na walihama na nyama wao kufuata majani. Nyumba zao zilikuwa hema za manyoya ya kondoo yaliyopigwa mpaka kushikamana kama kitambaa kinene.

Jambo hilo la kuhama linapashwa kukaa katika akili yetu, juu linaeleza mengine yote. Mutawala wa muji anaweza kufunga milango ya muji. Lakini mutawala wa wachungaji atafunga nini? Watu wasipomupenda, usiku wanakunja hema, wanapanda farasi, asubuhi anakuta majivu ya moto tu. Njo maana kwa watu wa mbuga cheo kilikuwa sawa na mapatano. Mukubwa alipashwa kuwapa watu majani ya nyama wao, sehemu ya nyara za vita, na ulinzi. Wao walimupa utii. Akishindwa kutoa, cheo chake kilibaki sauti tu.

2. MBELE YA WAMONGOLI

Wamongoli hawakutunga vyeo vyote wenyewe. Walivikuta.

Watu wa kwanza wa mbuga ambao Wachina waliandika habari zao kwa urefu ni Waxiongnu. Mutawala wao aliitwa chanyu. Yule aliyejulikana sana ni Modu, aliyeanza kutawala mwaka 209 mbele ya kuzaliwa kwa Kristo. Chini ya chanyu walikuwa wafalme wawili, mumoja wa kushoto na mumoja wa kuume. Na hapa tuangalie: kwao kushoto ilipita kuume kwa heshima. Mufalme wa kushoto alikaa upande wa mashariki, na kwa kawaida yeye njo aliyengojea kuwa chanyu. Waxiongnu walikuwa pia na wakubwa 24 wa kuongoza waaskari wapanda farasi, na waaskari hao walihesabiwa kwa makumi, mamia na maelfu. Tushike hesabu hiyo, tutaikuta tena.

Nyuma yao likaja neno khagan. Maana yake ni mutawala mukubwa kupita watawala wengine, khan wa makhan. Mwaka 402 Shelun, mukubwa wa Warouran, alikamata cheo hicho. Warouran walikuwa na Waturuki wa zamani chini yao, na Waturuki hao waliwafulia chuma. Mukubwa wa Waturuki, Bumin, akamusaidia khagan katika vita, kisha akaomba kuoa binti yake. Khagan akamujibu kwa matusi: wewe mutumwa wangu wa kufua chuma, unasubutu namna gani kusema maneno hayo? Bumin hakusahau. Mwaka 552 aliwapiga Warouran, khagan wao akajiua, na yule mufua chuma akakamata cheo cha khagan yeye mwenyewe.

Waturuki hao walikuwa na vyeo vingi. Ndugu ya Bumin, Istemi, alitawala upande wa magharibi kwa cheo cha yabghu, ni kusema wa pili nyuma ya khagan. Shad alikuwa mukubwa wa jamaa ya kifalme anayepewa sehemu ya watu kuongoza. Tegin alikuwa mwana wa mufalme. Beg alikuwa mukubwa wa ukoo. Muke wa khagan aliitwa khatun. Tunajua mambo hayo vizuri juu Waturuki waliyachora katika mawe makubwa karibu na muto Orkhon, katika inchi ya Mongolia ya leo. Jiwe la Kul Tegin ni la mwaka 732. Maandiko hayo yalikaa miaka mingi bila mutu wa kuyasoma, mpaka mwaka 1893, wakati mwalimu mumoja wa Danemark, Vilhelm Thomsen, alipofumbua herufi zake.

Kulikuwa pia Wakhazar, kaskazini ya milima ya Caucase. Wao walikuwa na watawala wawili. Khagan alikuwa mutakatifu, watu hawakumuona mara nyingi. Lakini aliyeongoza vita na kushika kazi ya kila siku alikuwa mwingine, aliyeitwa beg. Waandishi Waarabu wa karne ya 10 wanasema kwamba siku ya kumutawaza khagan walimukaba shingo kwa kitambaa cha hariri mpaka karibu pumzi inaisha, kisha wakamuuliza: unataka kutawala miaka ngapi? Akitaja hesabu, walimushika kwa neno hilo. Heshima ilikuwa kubwa, lakini nani angeitamani?

3. TEMUJIN NA CHEO CHAKE

Baba ya Temujin aliitwa Yesugei Baatur. Baatur ni cheo, maana yake shujaa. Wamongoli walikuwa na majina mengi ya namna hiyo, ambayo watu walimupa mutu kwa kuona sifa yake: sechen ni mwenye hekima, mergen ni mwenye kulenga mushale bila kukosa. Noyan alikuwa bwana mwenye watu chini yake. Beki kilikuwa cheo cha wazee wa ukoo. Kwa mutu mumoja aliyepewa cheo hicho na Gengis Khan tunasoma kwamba alivaa nguo nyeupe na kupanda farasi mweupe.

Yesugei alikufa kwa sumu wakati Temujin alikuwa mutoto. Na siku hizo tunaona wazi kama cheo cha baba hakimulishi mwana. Watu wa Yesugei walikunja hema, wakaondoka, wakaacha mujane na watoto wake wakichimba mizizi na kuvua samaki. Damu nzuri walikuwa nayo. Wafuasi, hapana.

Temujin akakua, akajiweka chini ya Toghrul, mukubwa wa Wakereit. Wengi katika Wakereit walikuwa Wakristo wa Kanisa la Mashariki, miaka mingi mbele ya wamisionari wa Ulaya kufika huko. Karibu mwaka 1196 wote wawili walisaidia serikali ya Jin, iliyotawala kaskazini ya Uchina, kupiga Watatar. Serikali hiyo ikawalipa kwa vyeo. Toghrul akapewa cheo cha wang, maana yake mufalme kwa Kichina, na tangu siku hiyo Wamongoli wakamuita Ong Khan. Temujin akapewa cheo kidogo tu. Hivi njo Wachina walivyofanya mara nyingi: kutoa cheo hakuna bei kubwa, na kunafanya wakubwa wa mbuga waoneane wivu.

Mwaka 1203 Ong Khan na Temujin waligombana, na Ong Khan akashindwa. Mwaka 1206 wakubwa wote wakakutana penye chanzo cha muto Onon. Mukutano wa namna hiyo unaitwa kurultai. Hapo wakainua bendera nyeupe yenye mikia tisa, wakamutawaza Temujin kuwa Gengis Khan. Yeye hakujiita khagan. Mwana wake Ogedei, aliyetawazwa mwaka 1229, njo aliyekamata cheo hicho.

4. VYEO VYA KAZI

Siku ile ya 1206 Gengis Khan alifanya jambo lililogeuza mbuga. Alipanga watu wote kwa hesabu: arban ni kumi, jaun ni mia, mingan ni elfu, tumen ni elfu kumi. Kila hesabu ilikuwa na mukubwa wake, na mutu hakuruhusiwa kuacha kikundi chake na kuhamia kingine. Kitabu cha Wamongoli wenyewe, «Historia ya Siri», kinataja maelfu 95. Koo zilizokuwa adui zikachanganywa, watu wakazoea kumutii mukubwa wa hesabu yao kuliko mukubwa wa ukoo.

Na nani waliwekwa juu ya maelfu hayo? Si wana wa wakubwa peke yao. Jelme alikuwa mwana wa mufua chuma. Subutai, wa ukoo ule ule, alipeleka waaskari mpaka Hungaria mwaka 1241. Jebe mbele alikuwa adui: katika vita alipiga farasi wa Temujin kwa mushale. Walipomukamata hakuficha, akasema ni yeye. Temujin akapenda ukweli wake, akamuacha hai na kumupa jina jipya, Jebe, ambalo ni jina la silaha.

Kulikuwa tena cheo cha darkhan. Habari yake ni nzuri. Wachungaji wawili wa farasi, Badai na Kishilik, walisikia bwana wao akisema kwamba kesho Ong Khan atamushambulia Temujin. Wakapanda farasi usiku kwenda kumujulisha, naye akapona. Nyuma ya ushindi akawafanya darkhan. Maana yake: walichokamata vitani ni chao, nyama waliyoua porini ni yao, hakuna wa kuwagawanyia. Kumbe mutu wa kuchunga farasi za wengine aliweza kuamuka asubuhi akiwa bwana.

Juu ya yote kulikuwa kheshig, walinzi wa khan, watu 10.000. Mukubwa wa elfu alipashwa kutoa mwana wake aingie kheshig pamoja na wenzake kumi. Mukubwa wa mia alitoa mwana na watano. Mukubwa wa kumi, mwana na watatu. Vijana hao walikuwa walinzi, lakini walikuwa pia rehani: baba asiyekuwa mwaminifu alijua mwana wake analala wapi. Tena ilikuwa masomo. Kwa hema ya khan vijana walijifunza kutawala. Na mulinzi wa kawaida wa kheshig alikuwa na heshima kupita mukubwa wa elfu wa inje.

Majina ya kazi zao yanaweza kutushangaza. Baurchi ni mupishi na mugawaji wa chakula. Korchi ni mubeba mishale. Mbele ya mufalme, kazi hizo hazikuwa za haya, zilikuwa vyeo vikubwa. Anayepika chakula cha khan anashika uzima wa khan katika mikono yake, na sumu ilikuwa silaha ya kila siku katika mbuga. Wasomaji wa Biblia hawatashangaa sana: Nehemia alikuwa munyweshaji wa mufalme wa Persia, na ni juu ya kazi hiyo aliweza kusema na mufalme na kupata ruhusa ya kujenga kuta za Yerusalema.

Inchi zilipozidi, kazi nazo zikazidi. Jarguchi alikuwa mwamuzi. Wa kwanza mukubwa alikuwa Shigi Qutuqu, mutoto aliyeokotwa katika kambi ya Watatar na kulelewa katika jamaa ya Temujin. Bichigchi alikuwa mwandishi. Darugachi alikuwa liwali, aliyekaa katika miji iliyoshindwa kuangalia kodi na hesabu ya watu.

5. WANAWAKE

Khatun hakuwa muke wa kukaa kimya nyuma ya pazia. Alikuwa na hema zake, nyama wake na watumishi wake. Khagan akifa, khatun aliweza kushika inchi mpaka kurultai mupya. Toregene, mujane wa Ogedei, alitawala hivyo tangu 1241 mpaka 1246, wakati mwana wake Guyuk alipotawazwa.

Mwingine ni Sorqaqtani Beki, wa jamaa ya Ong Khan, Mukristo. Muume wake Tolui, mwana wa Gengis Khan, alikufa mwaka 1232. Walitaka kumuoza kwa Guyuk, akakataa, akasema kazi yake ni kulea watoto wake. Akawalea. Mongke akawa khagan mwaka 1251. Kublai akawa khagan mwaka 1260, kisha akatawala Uchina yote. Hulegu akatawala Persia kwa cheo cha ilkhan. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1252.

6. DAMU INASHINDA KAZI

Sasa tufike kwa uchungu wa habari yetu. Gengis Khan aliinua watoto wa wachungaji na wafua chuma. Lakini cheo kimoja alikifunga: nyuma yake hakuna mutu aliyekubaliwa kuitwa khan isipokuwa wa uzao wake kwa upande wa baba. Na sheria hiyo ilishika mbuga zaidi ya miaka 500.

Angalieni Timur, ambaye vitabu vya Kifransa vinamuita Tamerlan. Alishinda kutoka Delhi mpaka karibu na bahari ya Mediterane. Wafalme walitetemeka mbele yake. Hata hivi hakuitwa khan, juu hakuwa wa damu ile. Alifanya nini? Aliweka khan mwingine wa uzao wa Gengis, asiyekuwa na nguvu yoyote, akapiga feza kwa jina la huyo. Yeye akabaki amiri. Mwaka 1370 alioa Saray Mulk, binti wa khan, kusudi ajiite guregen, maana yake mukwe. Mushindi wa nusu ya Asia alijivuna kuwa mukwe!

Mwingine, Esen wa Waoirat, hakuwa na uvumilivu huo. Cheo chake kilikuwa taishi, neno lililotoka kwa Kichina. Mwaka 1449 alikamata hata mufalme wa Uchina katika vita pahali paitwapo Tumu. Akaona nguvu yake yatosha, mwaka 1453 akajitangaza kuwa khagan. Watu walimukubali kama taishi. Kama khagan, hapana. Wakubwa wake wakamuasi, na haukupita wakati mrefu akauawa. Nguvu ilikuwa ile ile. Neno moja tu lilibadilika, na neno hilo likamuua.

Kwa Wakazak watu wa uzao wa Gengis waliitwa mufupa mweupe, na wengine wote mufupa mweusi. Mwenye mufupa mweupe alikuwa na cheo cha sultani, neno la Kiarabu lililofika huko na dini ya Islamu, sawa vile lilivyofika pande zetu na wafanya biashara wa pwani, mpaka leo tunaita chefu wa kijiji sultani.

7. MANENO YANAYOBAKI

Vyeo hivyo viliisha katika serikali. Mongolia ikawa republika mwaka 1924. Lakini maneno hayakufa.

- Khan: siku hizi, katika Pakistan na India, ni jina la watu wengi sana wasiotawala kitu. Aga Khan, kiongozi wa Waismaili, alipata cheo hicho kwa mufalme wa Persia katika karne ya 19, na leo tunakuta jina hilo juu ya hospitali za Nairobi na Dar es Salaam.
- Beg: Waturuki wa Istanbul walilitamka bey. Emin Pasha, aliyefuatwa na Stanley kupitia pori ya Ituri na kuuawa katika Congo mwaka 1892, mbele aliitwa Emin Bey.
- Baatur: Warusi wanamuita shujaa wa hadizi bogatyr. Na muji mukubwa wa Mongolia ni Ulaanbaatar, maana yake shujaa mwekundu.
- Dalai: kwa Kimongoli ni bahari. Mwaka 1578 Altan Khan alimupa mukubwa mumoja wa dini wa Tibet cheo cha Dalai Lama, kinachojulikana mpaka leo.

TUMALIZE

Tumeona majina mengi. Si lazima kuyashika yote kwa kichwa, mwalimu wa historia hatayaomba yote katika egzame. Lakini tushike jambo moja. Inchi ya Gengis Khan ilijengwa na watu waliopata cheo juu ya kazi: mwana wa mufua chuma, adui aliyesema kweli, wachungaji wawili waliopanda farasi usiku. Nyuma yake, uzao wake waligombania cheo juu ya damu, ndugu na ndugu, na inchi ile kubwa ikapasuka vipande.

Kati yetu tuko na vyeo vidogo: kapita wa kalasi, mukubwa wa chumba cha kulala, mwimbishaji wa kwaya. Jina linaweza kutolewa kwa siku moja. Wafuasi hawatolewi hivyo. Wale wa mbuga walijua jambo hilo vizuri: mukubwa asiyewatumikia watu wake aliamuka asubuhi na kukuta majivu tu, na alama za farasi katika majani.